Muhubiri aliyechoma kanisa lake

Sinema za kowboyi tunazijua sana. Wakati Kinshasa ilikuwa ingali Léopoldville, vijana wa kule walijiita Bills juu ya Buffalo Bill. Lakini ile tunayowasimulia leo haifanane na zingine. Jina lake ni Hell's Hinges, ya mwaka 1916. Haina sauti, nyumba zake ni za mbao tu, na inakwisha karibu kwa saa moja.

Muji wenyewe uko Magharibi ya Marekani. Katika karatasi unaitwa Placer Centre. Placer ni fasi ya kuosha mchanga kwa kutafuta dhahabu. Mukubwa wa pale si shefu wala polisi, ni mwenye baa, Silk Miller. Siku moja muhubiri kijana, Robert Henley, anafika na dada yake Faith. Silk anataka Blaze Tracy, mutu wa bastola, awafukuze. Blaze (njo William S. Hart anayemcheza) anaona Faith, moyo unageuka, anakuwa mulinzi wa kanisa.

Kumbe mudhaifu ni muhubiri mwenyewe! Silk hatumie risasi kwake. Anatumia Dolly, mwanamke wa baa, na chupa. Asubuhi ya siku ya Mungu waumini wanangojea. Muhubiri amelala kwa Dolly, amelewa. Kisha walevi wanamuongoza, naye anaenda kuchoma kanisa lake. Vita inatokea, anakufa. Blaze alikuwa mbali kutafuta munganga. Anaporudia, anaingia baa na bastola mbili, anaua Silk, anapiga taa kwa risasi. Muji muzima unaungua.

Wengine watasema kosa ni la pombe, ao la Dolly. Sisi tunaona kosa la wakubwa wa kanisa. Waliona kijana ameshindwa kazi ya mujini, wakamtuma mbali zaidi, fasi ya hatari zaidi. Nani kati yenu angemtuma mutu wa namna ile chini ya mugodi, na wenzake nyuma yake?

Mwaka 1994 Marekani iliingiza sinema hii katika orodha ya zile taifa linalinda. Mwishoni Blaze na Faith wanazika maiti, wanaelekea milimani. Sisi tulibaki kuwaza juu ya bamama na watoto walioimba katika lile kanisa: usiku ule walilala wapi?