Oili ya Gari Lenu: Rangi ya Kucha, Fulana Kuukuu na Dakika Tano za Jumamosi

Hebu tuulizane ukweli, mpenzi msomaji. Kati yako na mwenzako, nani anajua kiasi cha oili kilichomo kwenye injini ya gari lenu leo hii? Sio mwezi uliopita lilipotoka gereji. Leo. Swali hili nimewauliza wanandoa na wachumba wengi, na majibu yao utadhani walikaa kikao. Mume anaamini mke angesema kama kuna tatizo, kwa sababu yeye ndiye anayeliendesha kwenda kazini. Mke naye anaamini mume ameshaangalia, kwa sababu mambo ya boneti ni ya wanaume. Basi kila mmoja analala usingizi mnono akijua mwenzake yuko macho!

Rafiki zangu wawili waliooana waliulipia mchezo huu. Desemba moja walitoka Dar es Salaam kwenda Moshi kula sikukuu. Wakapita Chalinze, wakapita Segera, na walipokaribia Mombo taa nyekundu yenye umbo la birika ikawaka kwenye dashibodi. Bwana akasema twende tu hadi mjini tukatafute fundi. Bibi akasema simama. Kabla hawajaafikiana, injini ikaanza kugonga, halafu ikazima moja kwa moja. Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka kikavu. Sikukuu waliilia gesti, na pesa waliyokuwa wanaidunduliza kwa ajili ya kiwanja ikaishia kwenye injini ya mtumba. Injini ilipatikana Januari. Kununiana kulikwisha Pasaka.

Nawaelewa wote wawili, kwa sababu kupima oili si jambo gumu bali ni jambo la kero. Kijiti chenyewe hakionekani vizuri, mikono inachafuka, shati la ofisini linaingia doa, na ukishakichomoa hujui unachokitazama. Kero hizo zote zina dawa, na dawa zenyewe ziko humo humo nyumbani kwako. Hizi hapa ninazozitumia mimi.

KWANZA, UJUE UNAPIMA NINI

Injini nyingi za magari madogo zinachukua oili kati ya lita 3 na 4 hivi. Oili hiyo inakaa chini kwenye sampu, pampu inaivuta na kuisambaza kwenye vyuma vinavyosuguana, kisha inarudi chini. Kijiti kinaingia hadi kwenye sampu. Kwenye ncha yake kuna alama mbili, iwe vitundu, mikato au herufi. Ya chini ni kiwango cha mwisho cha kushuka, ya juu ni kiwango cha kujaa. Kwenye magari mengi, nafasi kati ya alama hizo ni kama lita 1.

Sasa ile taa nyekundu ya birika, wengi tunadhani ni kipimo cha oili. Sivyo. Inawaka pale msukumo wa oili unaposhuka, maana yake vyuma vimeanza kunyimwa. Ikiwaka gari likitembea, kaa pembeni na zima injini hapo hapo. Majadiliano yatafuata baadaye.

RANGI YA KUCHA KWENYE MPINI

Fungua boneti ya gari la zamani kidogo utaona kila kitu ni cheusi au kijivu, pamoja na mpini wa kijiti. Chukua rangi ya kucha nyekundu au ya njano, futa vumbi na mafuta, paka mpini tabaka mbili, acha ikauke. Ikichunika baada ya miezi kadhaa, unarudia. Ila angalizo: paka sehemu ya kushika tu. Usipake sehemu inayoingia ndani, maana ikibanduka itaingia kwenye oili.

Urembo huu una faida nyingine. Magari mengi ya otomatiki ya miaka ya nyuma yana vijiti viwili, kimoja cha injini na kingine cha giaboksi. Tofauti yao mtu mgeni haijui. Oili ya injini ikimiminwa kwenye giaboksi, hapo umejitafutia gharama kubwa kwa mkono wako mwenyewe. Mimi kijiti cha injini nimekipaka nyekundu, na kifuniko cha mahali pa kuongezea oili nimekipaka nyekundu hiyo hiyo. Nyekundu kwa nyekundu. Hata shemeji akiazima gari hawezi kukosea.

MSASA LAINI KWENYE NCHA

Oili mpya ni nyeupe karibu kama asali ya nyuki wadogo, na kijiti kipya kinang'aa. Ukiviweka pamoja huoni kitu. Chukua msasa laini kabisa, sugua taratibu kati ya alama mbili mpaka mng'ao upungue. Usiguse alama zenyewe zisije zikafutika. Kisha osha kwa sabuni, kausha, futa tena na tena hadi unga wote wa chuma utoke, ndipo ukirudishe. Oili sasa itashika vizuri na mstari wake utauona.

Kama hutaki kugusa msasa, kuna njia rahisi zaidi. Laza ncha ya kijiti juu ya karatasi nyeupe. Pale penye unyevu patajichora hapo hapo, na utaona umefika wapi. Mwanga wa simu nao unasaidia, hasa ukiumulika kwa ubavu.

FULANA KUUKUU, SIO PAMBA

Ile fulana ya kampeni iliyochakaa imepata kazi. Ikate vipande vya ukubwa wa leso, viweke kwenye mfuko unaofungwa, mfuko ukae kwenye mlango wa dereva. Usitumie pamba wala karatasi ya chooni, kwani nyuzi zake zinabaki kwenye kijiti na kuingia ndani. Kitambaa kisiwe na mchanga. Weka na soksi moja ya zamani kama glavu, mkono na saa vitasalimika.

CHUPA YA MAJI, MATUMIZI MATATU

La kwanza ni kupima usawa wa ardhi. Gari likiegeshwa kwenye mteremko, kijiti kitakudanganya. Jaza maji nusu kwenye chupa iliyonyooka, funga, ilaze chini kuelekea urefu wa gari. Mstari wa maji ukienda sambamba na ubavu wa chupa, hapo pamelala vizuri. Igeuze kuelekea upana, angalia tena. Ukipapata mahali pazuri, chora alama ya chokaa tairi la mbele linapokaa, na pimia hapo siku zote.

La pili ni faneli. Kata chupa ya lita moja na nusu katikati, sehemu ya shingo igeuze chini. Ioshe na uianike juani mpaka ikauke kabisa, kwa sababu maji na oili ya injini ni maadui.

La tatu ni kipimo cha kuongezea. Chupa ya nusu lita, iliyokauka vizuri, ukiijaza oili hadi katikati ni kama robo lita. Ongeza robo, subiri dakika chache, pima tena. Usimimine kwa kukisia, maana kujaza kupita kiasi nako ni ugonjwa: oili inapigwa na krenki, inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Aina ya oili nayo usikisie. Fuata kitabu cha gari au ulizia namba yake, kwa mfano 5W-30. Kama gari lenu lilitoka Japani na kitabu chake ni cha Kijapani, piga picha ukurasa wa oili na umtafute wa kukutafsiria. Namba zinasomeka hata kama maneno yamekushinda.

BOKSI CHINI YA GARI

Jioni moja kwa mwezi, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi lisome kama barua. Doa la kahawia au jeusi ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni haidroliki ya giaboksi au usukani. Kijani au la waridi linaweza kuwa maji ya rejeta. Maji meupe yasiyo na utelezi huwa ni ya kiyoyozi, hayo hayana neno. Boksi likiwa safi na oili bado inapungua, angalia moshi wa ekzosi. Wa bluu unakwambia oili inaungua ndani, na hapo mpeleke fundi unayemwamini.

SASA, DAKIKA TANO ZENYEWE

Wakati mzuri kwangu ni Jumamosi asubuhi kabla gari halijawashwa, oili yote ikiwa imetulia chini. Kama kitabu cha gari lako kinataka injini iwe imepata moto, washa, zima, subiri kama dakika 5. Vuta breki ya mkono, toa ufunguo, funga nywele, na ukivaa mtandio au tai, vua. Chomoa kijiti, futa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena, soma. Mara ya kwanza usiiamini, kwa sababu oili huwa imejipaka njiani.

Soma na hali ya oili, usisome kiwango tu. Nyeusi peke yake isikutishe, hasa kwenye dizeli. Lakini ikifanana na chai ya maziwa, huenda maji yameingia. Ikinuka petroli, nalo ni jambo la fundi. Baadhi ya BMW na Audi za miaka ya karibuni hazina kijiti kabisa, zinapima kwa kompyuta. Kwa hizo, jifunze menyu yake kwenye skrini.

NA UGOMVI JE?

Hapa ndipo penyewe. Weka daftari dogo na kalamu kwenye droo ya dashibodi. Andika tarehe, kilomita, kiwango cha oili na jina la aliyepima. Mimi na mwenzangu tunapishana: wiki hii yeye, wiki ijayo mimi. Hakuna anayemuuliza mwingine "uliangalia?" kwa sauti ile ya ukali. Daftari linajibu. Na ukishakuwa na mistari kumi ya maandishi, fundi hawezi kukwambia tu kwamba gari "linakunywa oili" bila wewe kujua linakunywa kiasi gani kwa kilomita ngapi.

Kuna mwanaume aliyeniambia haoni haja ya kumfundisha mkewe mambo haya, "atajichafua bure". Nikamuuliza, je, siku akiwa peke yake barabarani na watoto nyuma, taa ya birika ikiwaka? Alinyamaza kidogo, akaniomba rangi ya kucha.

Vifaa vyote nilivyotaja havifiki bei ya lita moja ya oili nzuri. Fulana unayo, chupa unayo, boksi unalo. Kilichobaki ni kukubaliana nani anaanza Jumamosi hii. Kama mtashindwa kuelewana, rusheni shilingi, na atakayeshinda apewe chai akimaliza. Ila anawe mikono kwanza!