Kazi ya kutwa si mazoezi ya kiuno

Ushauri wa kufanya mazoezi humfikia mzee wa Oloipiri, huku Loliondo, kama kejeli. Mama wa miaka 65 ambaye tangu usichana amechota maji, amebeba kuni na kukandika nyumba kwa samadi, ataelezwaje kwamba kiuno chake kinahitaji mazoezi? Swali hili ni zito, na wahamasishaji wa mijini, waliozoea kusema na watu wa kiti na kompyuta, hawalijibu. Jibu langu ni kwamba mama huyo anayahitaji mazoezi mepesi kuliko hata karani wa Arusha. Uzito wa mzigo wa kuni huamuliwa na jiko, wala si na mgongo. Ndoo ya lita 20 haipungui siku kiuno kinapouma. Mazoezi huanzia pale mwili unapoweza leo, yakaongezwa kidogo kidogo, na hugusa misuli ya tumbo na makalio ambayo kazi ya kuinama inaweza kuiacha nyuma. Kwa wanaume tatizo huwa kinyume. Mzee aliyewaachia vijana mifugo hupunguza mwendo ghafla, kisha akadhani ugumu wa mgongo wake ni umri tu.

Kwamba mazoezi husaidia kiuno si maoni yangu tu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo bayana, likiwahusisha wazee pia. Mazoezi na elimu kwa mgonjwa vilipendekezwa; mikanda ya kufunga kiuno na dawa za jamii ya afyuni havikupendekezwa kwa matumizi ya kawaida. Mwaka uliofuata jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Australia lililohusisha watu 701 waliotoka kupona maumivu ya kiuno. Walioelekezwa kutembea, wakiongeza taratibu hadi dakika 30 mara tano kwa wiki, walikaa siku 208 hivi kabla ya maumivu kurudi. Wenzao ambao hawakuelekezwa walikaa 112. Mtu atasema Australia si Loliondo, na ni kweli. Ila kilichopimwa pale ni mwendo uliopangwa na kuongezwa kwa hatua, jambo ambalo kufuata ng'ombe malishoni hakulihakikishi: ng'ombe hawapunguzi mwendo kwa ajili ya kiuno cha mchungaji.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, upande wa Karatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini, lakini sehemu ya muda huo huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo. Utafiti huo haukupima maumivu ya kiuno, kwa hiyo nisiuongezee chumvi. Unachoonyesha ni kwamba kupumzika si lazima kuwe kulegea kabisa, na hapo ndipo ushauri wa kale wa kulala kitandani hadi kiuno kipoe unapoanguka. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli ileile inayoshikilia uti wa mgongo.

Mazoezi yenyewe hayahitaji chochote zaidi ya ngozi au mkeka. Mzee alale chali, akunje magoti, avute goti moja kuelekea kifuani, kisha la pili. Abaki chali, akandamize kiuno kwenye mkeka kwa kukaza tumbo, halafu ainue makalio kidogo na kuyashusha polepole. Mwisho akae kwenye kigoda kirefu kilicho imara, asimame na kukaa tena bila kujisukuma kwa mikono. Akishindwa, ashike fimbo. Mara tano tano zinatosha kwa kuanzia. Asibane pumzi, hasa mwenye shinikizo la damu. Uchungu mdogo unaotulia baadaye unavumilika. Unaoteremka mguuni na kuzidi ni ishara ya kuacha.

Wengine watauliza: kwa nini asinunue vidonge dukani? Diklofenaki hutuliza, lakini kwa mzee anayeimeza kila siku huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Wilaya yetu ya Ngorongoro inakumbuka foleni za magari za mwaka 2011 kwenda Samunge kwa kikombe kimoja cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Tiba ya mara moja ina mvuto ambao mazoezi ya kila siku hayatakuwa nao kamwe. Pingamizi ninalolikubali bila ubishi ni hili: si kila kiuno ni cha mazoezi. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito vinaweza kuwa dalili za kifua kikuu cha mifupa au brusela, ugonjwa unaowapata wafugaji kupitia maziwa mabichi na mifugo iliyotupa mimba. Mwenye dalili hizo, aliyeanguka, aliyekufa ganzi mapajani au anayeshindwa kuzuia mkojo, apelekwe Hospitali ya Wasso kwanza.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchi nzima. Wizara ya Afya iyaingize mazoezi haya kwenye mafunzo yao, na kwa Oloipiri yafundishwe kwa Kimaasai.