Kuipima Zero ya Sentimita 25

Anayetaka kujua kama modeli ya ndege aliyoinunua inafanana kweli na ndege yenyewe, aanze na rula. Zero ya aina ya A6M2 Model 21, ndege ya kivita ya Jeshi la Wanamaji la Japani, ilikuwa na mita 12 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili, na urefu wa mita 9 na ushei. Gawanya kwa 48, kipimo kinachopendwa sana na waundaji wa modeli za ndege za kivita, utapata mabawa ya sentimita 25 kamili na urefu wa karibu sentimita 19. Modeli ikizidi au ikipungua nusu sentimita, kosa hilo limetoka kiwandani, na hakuna gundi wala rangi itakayolirekebisha.

Hata hivyo, rula haimalizi kazi. Zipo modeli zenye vipimo sahihi ambazo mtu akizitazama anahisi kuna kitu kimekwenda kombo. Ili kukijua kitu hicho, lazima kwanza aijue ndege.

Zero ilibuniwa na mhandisi Jiro Horikoshi wa kampuni ya Mitsubishi, na iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1939. Kabla ya hapo ilikuwa imesafirishwa kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka kiwandani Nagoya hadi uwanja wa Kagamigahara. Wanamaji walitaka ndege nyepesi kugeuka, inayofika mbali na yenye mizinga miwili ya milimita 20. Injini waliyoipata hatimaye, Nakajima Sakae 12, ilikuwa na nguvu za farasi 940 tu. Horikoshi hakuwa na njia nyingine ila kupunguza uzito popote ulipopungulika. Alitumia aloi mpya ya alumini, akatoboa matundu katika sehemu za ndani, na ndege ikatoka bila bamba la kumkinga rubani na bila matangi ya mafuta ya kujiziba yanapopigwa risasi. Vita vilipokolea, marubani wengi waliungua kwa sababu hiyo.

Basi mtu anapofungua boksi la Zero, anachotafuta ni huo wembamba. Kiti cha rubani kiwe chembamba, chenye matundu. Nyuma ya kichwa cha rubani wa Model 21 pasiwe na bamba la chuma, kwa maana halikuwepo. Ukingo wa nyuma wa bawa uwe mwembamba kadiri plastiki inavyoruhusu. Na bawa lenyewe, ukilitazama kutoka mbele, lazima lijipinde kidogo likikaribia ncha, kwa sababu Horikoshi alilipinda hivyo makusudi ili ndege isimponyoke rubani inapopunguza mwendo. Kampuni iliyoukosa mpindo huo imekuuzia ndege nyingine yenye jina la Zero.

Kasoro za plastiki zina chanzo chake. Vipande hutengenezwa kwa kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Sehemu nene huchelewa kupoa, na ikisinyaa huacha kishimo juu yake. Pini zinazosukuma kipande kitoke kwenye kalibu huacha alama za duara. Kalibu ikichakaa, plastiki huvuja pembeni na kuota utando. Mhakiki mwadilifu hahesabu alama hizi zote kwa uzito mmoja. Duara lililo ndani ya mwili wa ndege halitaonekana tena baada ya nusu mbili kuunganishwa. Duara lililo kwenye kifuniko cha gurudumu litaonekana miaka yote modeli itakayokaa kabatini, na kulisugua kwa msasa bila kuharibu kilicho kando yake ni kazi ya jioni nzima.

Kinachozua mjadala mkali zaidi ni ribiti. Kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Cheki, iliyotoa Zero yake ya 1/48 mwaka 2021, imejaza safu za ribiti mwili mzima. Tamiya, kampuni ya mji wa Shizuoka ambayo Zero zake za 1/48 za kizazi kipya zilianza kutoka mwaka 2008, imeziacha nyuso nyororo zaidi. Ribiti za Zero halisi zilizamishwa zikawa sawasawa na bati, ili hewa ipite bila kukwama. Kichwa cha ribiti cha milimita nne kikigawanywa kwa 48 hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hesabu hiyo Tamiya wako karibu zaidi na ukweli, ingawa ribiti za Eduard ni laini kiasi kwamba zikipakwa rangi kwa mkono mwepesi hupendeza sana.

Kisha kuna rangi. Maelekezo ya modeli za zamani mara nyingi yalimtaka mtu apake rangi ya kijivu cheupe. Vipande vya ndege zilizoanguka, vilivyochunguzwa na watafiti, vimeonyesha kijivu chenye kuelekea ukaki, kinachong'aa, ambacho jua na chumvi hukipausha. Boksi zuri hueleza pia nani aliunda ndege hiyo, kwa kuwa Zero za Mitsubishi na zile zilizoundwa na kampuni ya Nakajima hazikufanana kijani cha chumba cha rubani.

Alama nazo ni ushahidi. Katika shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, mstari mmoja mwekundu nyuma ya mwili ulikuwa wa meli ya kubebea ndege ya Akagi, miwili ya Kaga. Buluu ilikuwa ya Soryu na Hiryu, nyeupe ya Shokaku na Zuikaku. Ndege ya Shigeru Itaya, aliyeongoza Zero za wimbi la kwanza, ilikuwa AI-155. Historia hii inagusa pwani yetu pia. Aprili 1942 meli tano kati ya hizo sita ziliingia Bahari ya Hindi na ndege zake zikashambulia Colombo na Trincomalee. Waingereza walirudisha nyuma manowari zao hadi Kilindini, na wavunja misimbo wao wakafanya kazi katika Shule ya Allidina Visram, Mombasa. Kaga haikuwamo safari ile, ilikwenda kutengenezwa. Kwa hiyo anayetaka kuunda Zero iliyotisha Bahari ya Hindi asibandike mistari miwili myekundu.

Mtihani wa mwisho ni kushikamanisha vipande bila gundi. Pale bawa linapokutana na mwili, na pale kioo cha rubani kinapokaa, mwanya hauna pa kujificha. Hapa Tamiya haina mpinzani: vipande hukaa vyenyewe. Eduard hudai subira, na matoleo yake ya Profipack huongeza vipande vidogo vya chuma ambavyo mkono usiozoea utavipoteza.

Anayeanza achukue Tamiya ya 1/48. Mwenye uzoefu na macho makali atafurahia Eduard. Tamiya ya 1/32, yenye mabawa ya sentimita 37 na nusu, ni ya mwenye nafasi na fedha. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kalibu ilitengenezwa mwaka gani, kwani kampuni nyingi huuza plastiki ya miongo iliyopita ndani ya boksi lenye picha mpya.