Mtafiti, Piga Hodi Mlangoni

Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, akangoja kukaribishwa. Akipiga mara tatu bila kuitikiwa, huondoka. Andries Steenkamp, kiongozi wa jamii ya wenyeji wa asili wa Kisani nchini Afrika Kusini aliyefariki mwaka 2016, aliwataka watafiti adabu hiyohiyo: wapite mlangoni, si dirishani.

Alikuwa na sababu. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha vinasaba vya wazee wa Kisani wa Namibia. Wazee waliombwa ridhaa mmoja mmoja. Viongozi wao hawakushirikishwa, na baadaye walilalamika kwamba andiko lile lilianika mambo ya siri na kuwadhalilisha. Machi 2017, mjini Cape Town, Wasani walizindua kanuni zao wenyewe za utafiti: heshima, uaminifu, haki na kujali.

Leo mtafiti haji na sindano tu, huja na simu pia. Huko Jamhuri ya Kongo, Wambendjele wa msituni wametumia Sapelli, programu iliyobuniwa na watafiti wa University College London. Asiyejua kusoma hugusa picha, na mti wake wa thamani ukaingia kwenye ramani ili wakata magogo wauache. Ni kazi njema. Lakini ramani inayoulinda mti yaweza pia kumwelekeza mwizi au jangili. Mzee anayegusa picha anauona mti wake. Haioni kompyuta ya mbali inayopokea mahali aliposimama. Ataridhiaje asichokijua?

Kwa hiyo dole gumba kwenye fomu halitoshi. Watu wakae barazani, waelezwe kwa lugha yao, waonyeshwe ramani iliyokwisha kujaa, si simu tupu. Waamue wenyewe nani aione, itunzwe wapi, ifutwe lini. Kila hatua mpya iombewe ridhaa upya. Na mzee wa kijiji akikubali, mwanamke au kijana abaki na haki ya kukataa bila kuadhibiwa wala kununiwa.

Vyuo na wafadhili watenge muda na fedha kwa mazungumzo hayo kabla ya kununua simu hata moja. Nawe msomaji, siku mtafiti akibisha kwako, muulize: haya ninayokupa yanakwenda wapi, na nikisema basi, utayafuta? Asipokuwa na jibu, usimfungulie.