Kibarua wa Mau Narok na Haki Yake

Katika miinuko ya Mau Narok, kaunti ya Nakuru, ambako baridi ya alfajiri ingemtoa mtu wa Pwani machozi, hulimwa ngano, shayiri na viazi. Wavunaji aghalabu ni vibarua. Huitwa msimu ukiwadia, hulipwa kwa siku, na kazi ikipungua huambiwa tu: kesho msije. Wengi huondoka kimya, wakiamini kwamba asiye na barua ya ajira hana pa kushitaki. Imani hiyo ni potofu, na wapo waajiri wapendao ibaki vivyo hivyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kumwondoa kwahitaji ilani ya siku 28, au malipo badala yake. Ama ile barua, kuandika mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi ni wajibu wa mwajiri. Asipoutoa mahakamani, ni juu yake kukanusha masharti anayodai mfanyakazi. Mzigo tuliodhani ni wa mnyonge, kumbe ni wa mwenye shamba!

Tena, anayetuhumiwa kwa kosa lazima aelezwe sababu kwa lugha aifahamuyo, naye asikilizwe mbele ya mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama.

Aliyedhulumiwa aweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu tangu kuachishwa. Pia ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye kituo mjini Nakuru, na muda wake ni miaka mitatu. Mahakama yaweza kumrudisha kazini, au kumpa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Twasisitiza neno "isiyozidi", kwani wengi hupewa pungufu ya hapo.

Kinachowaangusha wengi ni ushahidi. Jumbe za malipo ya M-Pesa zisifutwe, tarehe za kazi ziandikwe daftarini, na majina ya wenzao yahifadhiwe.

Nasi huku Pwani tusidhani habari hii ni ya bara pekee. Yaya anayelea watoto wetu Likoni analindwa na sheria iyo hiyo, na mwajiri wake ni sisi.