Hesabu Zimpasazo Mtoto Amalizapo Shule ya Msingi

Maneno yangu yamhusu mtoto amalizaye shule ya msingi, iwe ni katika darasa la sita au la saba, maana nchi zetu hazifanani katika jambo hilo. Mtoto huyu huleta nyumbani karatasi yenye alama zake za hesabu. Mzazi huitazama, hufurahi au hununa, kisha karatasi hutiwa sandukuni. Lakini alama hazisemi yote. Wako watoto wengi wawezao kuzidisha namba kubwa kwa namba kubwa katika daftari bila ya kukosea, lakini ukiwauliza kama jibu lile laelekea kuwa kweli, hawana la kusema. Hao wamejifunza mwendo wa mkono tu. Ukubwa wa namba hawajauona. Nami naona kwamba kuuona ukubwa huo ndiyo elimu ya kwanza impasayo mtoto, na mengine yote huijengea juu.

Tuanze na kuhesabu kwenyewe, jambo ambalo watu wazima hulidhani kuwa ni la darasa la kwanza. Lugha yetu humsaidia mtoto mahali pamoja na kumfichia mambo mahali pengine. Asemapo kumi na tatu, neno lenyewe lamwambia ya kuwa pana kumi moja, na tatu juu yake. Afikapo ishirini, thelathini na arobaini, maneno haya yaliyotoka katika Kiarabu hayamwonyeshi makumi mawili, matatu wala manne. Hapo yafaa mwalimu achukue vijiti, avifunge kumi kumi, amwonyeshe kwa macho. Kisha huja maelfu, na hapo hata wazee hugombana. Mtu akisema "elfu mia mbili na hamsini," je, amesema shilingi 250,000 au shilingi 200,050? Maneno yake yaweza kubeba yote mawili. Mwenye kutaka kueleweka sokoni husema "laki mbili na nusu," na shaka yaondoka. Mtoto amalizaye shule yampasa aweze kuziandika namba hizo mbili kwa tarakimu, moja chini ya nyingine, na kueleza kwa nini 5 ya juu ni elfu hamsini na 5 ya chini ni hamsini tu. Tofauti baina yao ni shilingi 49,950, nazo si fedha za kusahau juu ya meza.

Asiyejua thamani ya kila tarakimu kwa mahali pake hutambulikana upesi katika kutoa. Mpe hesabu hii: 302 toa 178. Wako watoto watakaoandika 276. Wamefanyaje? Waliona 2 juu na 8 chini, wakatoa ndogo katika kubwa bila ya kujali ipi iko juu. Wakafanya vivyo hivyo kwa 0 na 7. Mwalimu mwenye haraka hutia alama ya kosa akapita. Lakini kosa hili lina njia yake, na mtoto atalirudia kila siku mpaka mtu amwonyeshe kwamba mia moja yaweza kuvunjwa kuwa makumi kumi, na kumi moja kuwa mamoja kumi. Jibu ni 124. Tena mtoto aliyezoea kukadiria angejihadhari mwenyewe: 302 ni karibu na 300, na 178 si mbali na 200, basi jibu halina budi kuwa mia na kitu. Hii 276 imetoka wapi?

Juu ya majedwali ya kuzidisha sitasema mengi. Ni lazima yajulikane kwa moyo, kwani mtoto anayehesabu vidole kutafuta saba mara nane hana nafasi ya kufikiri juu ya swali lenyewe. Lakini mzigo huo si mzito kama watoto wanavyotishwa. Ukichukua namba kutoka 2 mpaka 9, na ukijua kwamba saba mara nane ni sawa na nane mara saba, mambo ya kukumbuka ni 36 tu. (Na kiboko hakimfundishi mtu hata moja katika hayo 36; hofu huzifukuza namba.)

Sasa nafika penye kikwazo kikubwa, nacho ni sehemu: nusu, thuluthi, robo na jamaa zao. Mwaka 2012 mtaalamu wa Marekani, Robert Siegler, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa Uingereza na wa Marekani. Walitazama watoto walivyojua hesabu walipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, kisha wakatazama vijana hao hao walivyokuwa katika sekondari. Waliona kwamba ujuzi wa sehemu na wa kugawanya ulionyesha mbele, kuliko kujumlisha, kutoa na kuzidisha, nani angefaulu katika aljebra. Na hali ilikuwa hivyo hata walipokwisha kuzingatia akili ya mtoto kwa jumla, na mapato na elimu ya wazazi wake. Maana yake ni kwamba mtoto avukaye kwenda sekondari bila ya kuzielewa sehemu amekwisha kufungiwa mlango mmoja, naye hajui.

Kwa nini sehemu ni ngumu? Kwa sababu zinampinga mtoto katika yale aliyokwisha kuyaamini. Miaka yote ameambiwa 4 ni kubwa kuliko 3. Leo aambiwa robo ni ndogo kuliko thuluthi. Alijua kuzidisha huongeza. Sasa nusu mara nusu yampa robo. Basi hukata tamaa, akaanza kujumlisha juu na juu, chini na chini: nusu na thuluthi, asema, ni mbili juu ya tano. Lakini mbili juu ya tano ni pungufu ya nusu! Aliyekuwa na nusu ya mkate, akaongezewa thuluthi, amebaki na pungufu ya nusu? Kama mtoto angeuona mkate badala ya tarakimu, asingekubali kudhulumiwa hivyo. Jibu la kweli ni tano juu ya sita, yaani mkate mzima umepungua kipande kimoja katika sita.

Bibi zetu hawakupata taabu hii. Walijua vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi. Kwa hiyo kibaba ni robo ya pishi, na aliyepima vibaba vitatu alikuwa na robo tatu, wala hakuhitaji ubao. Vipimo hivyo vimeachia kilo na lita nafasi yao, lakini mzazi aweza kufanya vivyo hivyo kwa kikombe na ndoo. Na mtoto akizoea hayo, desimali hazitamshangaza: atajua kwamba kilo 0.3 ni nzito kuliko kilo 0.25, ingawa 25 yaonekana kubwa kuliko 3.

Pengine mtu atauliza, ya nini haya kwa mtoto atakayelima? Namjibu kwa gunia. Katika Tanzania pana desturi mbaya iitwayo lumbesa, ya kulijaza gunia kupita mdomo wake na kulishonea kilemba juu. Sheria ya vipimo imeikataza, lakini haijatoweka. Tufanye mkulima ameuza magunia 20 ya mahindi kwa shilingi 60,000 kila moja, naye adhani kila gunia lina kilo 100, yaani amepata shilingi 600 kwa kilo. Kumbe kila gunia lina kilo 120. Bei yake ya kweli ni shilingi 500 kwa kilo. Ametoa kilo 400 bure, nazo kwa bei ile aliyoidhani ni shilingi 240,000. Kuzidisha na kugawanya tu, hapana zaidi. Lakini katika nyumba ya mkulima hizo ni ada, dawa na mbegu za mwaka ujao.

Na shamba lenyewe? Wengi hupima ekari kwa hatua 70 kwa hatua 70. Ekari ni karibu mita za mraba 4,047. Mtu mrefu ambaye hatua yake ni mita moja kamili atapata mita za mraba 4,900. Mwenye hatua ya sentimita 80 atapata 3,136 tu, akose zaidi ya 900. Basi kabla ya kulipa fedha ni vema kuuliza miguu ni ya nani. Mtoto aliyefundishwa eneo vizuri ataona pia jambo la kustaajabisha: hatua imepungua kwa sehemu moja katika tano, lakini shamba limepungua kwa zaidi ya thuluthi moja.

Asilimia nayo ni sehemu iliyobadili nguo. Akopaye shilingi 100,000 na kurudisha 120,000 baada ya mwezi amelipa asilimia 20 kwa mwezi, si kwa mwaka. Neno hilo moja limewaponza wengi.

Nasikia watu wakisema kwamba simu ya mkononi hufanya hesabu zote hizi. Ni kweli, tena haikosei. Lakini kidole hukosea, na sufuri moja ikizidi simu haitakuambia lolote. Ni wewe uliyekadiria mbele utakayeshtuka.

Mzazi apendaye kujua mtoto wake amefika wapi, na ampe swali hili moja bila ya kumwandikia chochote: fundi ana kitambaa cha mita 3, naye akata vipande vya robo tatu ya mita kila kimoja; atapata vipande vingapi? Akijibu kwamba ni viwili na kitu, kwa kuwa kugawanya hupunguza, mpe kamba ya mita 3 aikate mwenyewe. Akijibu kwamba ni vinne, mwulize amejuaje, na umwache aeleze mpaka mwisho bila ya kumkatiza.