Utangulizi: Nchi ya Mvua Haba na Maziwa Maelfu

Yellowknife, mji mkuu wa Northwest Territories nchini Kanada, hupata takriban milimita 290 za mvua na theluji kwa mwaka. Dodoma, ambayo sote tunaijua kwa ukame wake, hupata karibu maradufu. Lakini fungua ramani ya eneo linaloizunguka Yellowknife, utadhani mchoraji alimwaga wino wa buluu: maziwa kila upande, mengine makubwa, mengine madogo yasiyo hata na jina. Kusini mwa mji limetanda Ziwa Great Slave, lenye kina cha mita 614, na hakuna ziwa linalolipita kwa kina katika Amerika Kaskazini yote. Maji yote haya yametoka wapi? Karibu, msomaji. Hilo ndilo swali tunaloingia nalo.

Wengi wanaoanza somo hili hutafuta jibu angani. Mimi huwaambia waanze chini, kwenye mwamba. Katika enzi ya barafu, nchi hii ilifunikwa na barafu yenye unene wa kilomita kadhaa. Ilipokuwa ikisogea, ilikwangua udongo ikaacha granaiti tupu, na palipokuwa na mwamba dhaifu ikachimba mabonde. Ilipoyeyuka iliacha ziwa moja kubwa mno, ambalo wanajiolojia huliita McConnell. Maziwa ya Great Slave, Great Bear na Athabasca ni mabaki yake. Na ardhi, baada ya kutuliwa mzigo ule, mpaka leo inaendelea kuinuka polepole.

Basi maji yakianguka juu ya granaiti, yataenda wapi? Kuzama ni shida, na mahali pengi udongo wa chini umeganda mwaka hadi mwaka bila kuyeyuka. Kupanda hewani nako ni shida, kwa kuwa ziwa hukaa chini ya barafu karibu nusu ya mwaka au zaidi, na jua kali ni la miezi michache tu. Kinachoanguka ni kidogo, lakini kinachoondoka ni kidogo pia. Dodoma mvua hunyesha, kisha jua hudai chake mara moja.

Sasa baridi yenyewe. Wastani wa Januari huko Yellowknife ni kama nyuzi 26 chini ya sifuri, na Julai hupanda hadi nyuzi 17 hivi juu ya sifuri. Mwishoni mwa Juni mchana huchukua saa 20, mwishoni mwa Desemba saa 5 tu. Hata hivyo, wanaotumia mfumo wa Wladimir Köppen wa kuainisha hali ya hewa hawalitambui eneo la aina hii kwa ukali wa baridi peke yake. Wanahesabu pia miezi ambayo wastani wake unafika nyuzi 10: iwe mmoja hadi mitatu. Ikipungua hapo, miti hushindwa kumea. Ndiyo maana msitu wa misprusi unaozunguka sehemu kubwa ya ziwa huanza kudumaa na kutawanyika ukielekea ncha yake ya mashariki, na kaskazini mashariki zaidi unaikuta nchi isiyo na miti kabisa. Kwa maoni yangu, ukitaka kuielewa nchi hii, soma kwanza kiangazi chake.

Majini kuna jambo ambalo sisi wa maziwa ya joto tunapaswa kulitazama kwa makini. Maji baridi huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Majira ya kupukutika yakifika, maji ya juu hupoa hadi hapo, huzama, na ya chini hupanda. Yakizidi kupoa huwa mepesi, hubaki juu na kuganda. Majira ya kuchipua mzunguko hurudi. Kwa hiyo maziwa mengi ya kaskazini huchanganyika mara mbili kwa mwaka, na oksijeni hushuka hadi vilindini. Tanganyika, yenye kina cha mita 1,470, haina bahati hiyo: chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni, na samaki hawakai huko.

Barafu nayo ina elimu yake. Tangu 1982, kila mwaka hutengenezwa barabara ya majira ya baridi kutoka Ziwa Tibbitt kuelekea Ziwa Contwoyto, na sehemu yake kubwa hupita juu ya maziwa yaliyoganda. Malori ya dizeli na vifaa huitumia kufika kwenye migodi ya almasi. Wajenzi huanza kwa kufagia theluji, kwa sababu theluji huzuia baridi isipenye na barafu isinenepe. Lori lililosheheni huenda polepole, kama kilomita 25 kwa saa. Likipita, barafu hubonyea na kusukuma wimbi katika maji ya chini. Dereva akikimbiza, wimbi hilo likigonga ufuko laweza kuipasua barafu. Barabara hudumu wiki chache tu, kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Aprili. Majira ya baridi yakichelewa, mizigo haifiki.

Wadene, wenyeji wa asili wa nchi hii, wamekaa kandokando ya maziwa haya kwa maelfu ya miaka, na sura zijazo zitawarejea mara nyingi. Hapa nitasema tu kwamba elimu ya barafu ilikuwa yao kabla ya vipimo vyetu.

Agosti 2023 moto wa msituni uliwalazimu watu wapatao 20,000 kuihama Yellowknife. Katika kipindi hichohicho, maji ya Great Slave yalishuka kupita rekodi za awali, hata mwaka 2024 safari za majahazi ya mizigo kwenye Mto Mackenzie, unaotoka ziwani, zikafutwa. Ni rahisi kutafuta sababu kwenye anga la hapohapo. Lakini sehemu kubwa ya maji ya ziwa huletwa na Mto Slave, unaokusanya maji ya mito ya Peace na Athabasca, kutoka milima ya magharibi mwa Kanada, mamia ya kilomita kusini. Kwenye Peace kuna bwawa kubwa la umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na ukame uliipiga British Columbia na Alberta kabla ziwa halijashuka. Kwa sababu hiyo, sura ya kwanza haianzi ufukoni mwa ziwa. Inaanzia milimani.